Mjadala: Tangazo la kazi likitaka "mweupe", si ubaguzi wa rangi huo?

Mdau wa Igoma (mwanzisha mada):
Mwangaluka wakuu. Pale Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Anatafutwa binti wa mapokezi, "mweupe au maji ya kunde, mwenye mvuto". Ujuzi wa kompyuta umetajwa mwisho kabisa. Mpwa wangu ana diploma ya hoteli, ni mweusi. Kaisoma, kacheka, kapita zake. Mimi sijacheka. Hii tuiiteje?

Mkazi wa Kirumba:
Mkuu unakuza mambo. Mwenye biashara ni Msukuma mweusi tii kama mimi na wewe, atambaguaje mweusi mwenzake? Anafuata soko. Ubaguzi wa rangi waachie Makaburu.

Mwalimu, Nyegezi:
Kwani kubagua mpaka uwe Mzungu, kaka? Wakati wa mkoloni shule za nchi hii zilikuwa za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na fungu la mtoto wa Kiafrika ndilo lilikuwa kiduchu. Zikaunganishwa 1962. Kipimo kikabaki vichwani. Njoo darasa la pili kwangu uone wanavyogombania penseli ya waridi, wanaiita "rangi ya mwili". Mtoto mweusi anamchora mama yake kwa waridi! Hakuna aliyemfundisha. Kaona kwenye vitabu vya hadithi na matangazo ya sabuni.

Mkazi wa Kirumba:
Kwenye vyombo vya habari nakubali. Mnaikumbuka ile filamu, Darwin's Nightmare ya 2004? Mtu katoka Ulaya, kaja Mwanza hii hii, kachagua mapanki (mabaki ya samaki) na watoto wa mitaani, dunia ikaamini ndiyo sisi. Hata Rais Kikwete aliilalamikia 2006. Huo ndio ubaguzi. Lakini karatasi ya nguzoni?

Mdau wa Igoma:
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, imekataza kubagua kwa rangi. Haimlindi aliyeajiriwa tu, hata mwombaji kazi yumo, na matangazo ya kazi yamo. Na mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali, mwajiri ndiye anatakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Haijasema mwajiri awe kabila gani.

Dada wa Buzuruga:
Sheria tamu, ila nani ataenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule kwenye migogoro ya kazi, kugombea kazi ya mapokezi ambayo hata hajaipata? Nina duka la vipodozi. Mkorogo wa kujichubua siuzi, lakini hazipiti siku mbili sijaulizwa, na wengi ni mabinti wanaosaka kazi. Unamkuta uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Ukimwambia inaunguza anajibu anajua, akipata kazi ataacha.

Mkazi wa Kirumba:
Sasa mbona mnambana mwajiri peke yake? Nyie wateja mkiingia hotelini mnamkimbilia nani?

Mwalimu, Nyegezi:
Aliyeko kaunta, kaka. Na huyo anawekwa na mwajiri.