Mrejesho: bustani, ujauzito na ile hofu yangu

Wapendwa, narudi kwenu na shukrani. Niliuliza kama mjamzito anaweza kulima bustani majira haya ya kuchipua bila kujidhuru, na nikawaambia kwamba hofu ilikuwa imenikaba hata kusali nashindwa.

Glavu navaa kila mara, na mikono nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula. Aliyenieleza kuhusu toksoplazma, kile kimelea cha kinyesi cha paka kinachoweza kukaa udongoni muda mrefu na kumdhuru mtoto tumboni, Mungu akubariki. Mkunga wangu alisema vivyo hivyo. Matuta tumeyainua hadi usawa wa kiuno, mgongo umepata nafuu. Mbolea na maji anabeba mume wangu.

Figili zilichipua upesi, njegere zikafuata. Nyanya hazikufika: baridi ya usiku iliziua ingawa tulizifunika kama mlivyoshauri. Tumesia nyingine ndani ya nyumba, tutazihamishia nje udongo ukipata joto.

Kuhusu sala, ushauri ulionifaa kuliko yote ni wa dada aliyesema nisali nikiwa napalilia, sentensi moja tu. Akanikumbusha mfano wa Yesu wa mbegu inayoota mkulima akiwa amelala, asijue inavyokua. Huo nimeushika kwa mikono miwili, maana na mimi sijui mwanangu anavyoumbika. Hofu haijaisha, usiku bado hunijia, lakini sasa nasali. Daktari anasema mtoto anaendelea vizuri. Asanteni sana, nyote.