Jedwali linasema tuko sawa, bloku za juu zinaharisha: nianzie wapi?

Mtu_wa_Ghala ameuliza:

Habari za humu wakuu. Nimekabidhiwa kuratibu maji, vyoo na usafi katika kambi ya watu waliokimbia mapigano. Zamani nilikuwa upande wa ghala na usafirishaji, kwa hiyo kuhesabu mzigo nakujua. Kuratibu watu ambao si waajiriwa wangu ndiko kunanipa taabu.

Hali iko hivi. Shirika moja linaleta maji kwa maboza, lingine linasimamia matangi na vituo vya koki, mawili yanachimba vyoo, moja linagawa sabuni na kuhamasisha usafi. Kila Jumanne tunakutana, kila mmoja anasoma taarifa yake, tunajaza jedwali la nani anafanya nini na wapi, tunaagana. Kwa mujibu wa jedwali kambi inapata zaidi ya lita 15 kwa mtu kwa siku na choo kimoja kinahudumia watu 20. Yaani kwa viwango vya Sphere, vile vya chini vya kimataifa vya misaada ya dharura, tumefaulu.

Sasa zahanati ya kambi inaniletea hesabu za wagonjwa kila wiki, na kuharisha kumeng'ang'ania bloku za juu mlimani, zile za wageni waliofika mwishomwisho. Nikiuliza kikaoni, kila shirika linanijibu "upande wetu uko sawa", na kweli ukisoma taarifa zao huoni kasoro. Juu ya hapo kuna shirika jipya lina fedha za vyoo na linataka kujenga karibu na lango kwa sababu lori linafika. Nilikatalie? Na kwa ujumla nianzie wapi?

---

Fundi_Koki amejibu:

Weka jedwali pembeni kwanza. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yako, panda bloku za juu asubuhi wakati koki zote za kambi ziko wazi.

Ile hesabu ya Sphere ya watu 250 kwa koki moja ina masharti ambayo wengi huyasahau: koki itoe lita 7.5 kwa dakika, na maji yatoke kama saa 8 kwa siku. Kwa mwendo huo ndoo yako inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 6, koki hiyo kwa saa 8 inatoa kama lita 1,600. Gawa kwa watu 250, kila mmoja anaondoka na lita 6 na ushei. Hapo ndipo kuharisha kwako kunakoanzia, maana mtu mwenye lita 6 atakunywa na kupika, mikono ataiosha siku nyingine.

Nakisia tangi liko chini mno au koki za chini zinamaliza mkandamizo wote kabla maji hayajapanda. Dawa ya haraka: banisha valvu za chini, au weka zamu, bloku za juu zifunguliwe peke yao alfajiri. Dawa ya kudumu ni tangi jingine mlimani na bomba lake. Katikati ya hayo mawili, boza moja lipande likajaze tangi la mpira kule juu. Dereva akilalamika barabara mbovu, hiyo ni ajenda yako ya kikao.

---

Mzee_wa_Vikao amejibu:

Mdogo wangu, Fundi kakupa dawa ya koki. Mimi nizungumzie kikao, maana ndiko nilikozeekea.

Kikao chako kina ugonjwa wa kusomeana taarifa. Mtu anakuja na idadi ya vyoo alivyojenga, anaisoma, anakaa. Badilisha swali. Usiulize shirika limefanya nini, uliza bloku fulani ina nini leo. Ligeuze jedwali, mistari iwe bloku badala ya mashirika. Halafu futa safu ya "vilivyojengwa" uweke "vinavyotumika". Utashangaa namba zinavyoporomoka. Choo kilichojaa, choo kisicho na komeo, choo ambacho sakafu imetitia mpaka mama anaogopa kumwingiza mtoto, vyote hivyo vimo katika ule wastani wa watu 20 na hakuna anayevitumia.

Wastani wa kambi nzima ni namba ya kumpelekea mfadhili. Kipindupindu hakijui wastani.

La pili, angalia mapengo kati ya shirika na shirika. Mwenye boza anapima klorini akishusha maji, anaandika sawa. Mwenye koki anapima kwenye koki, anakuta ile 0.2 hadi 0.5 ya miligramu kwa lita inayotakiwa, anaandika sawa. Mwenye sabuni anahesabu sabuni. Nani anapima maji ya nyumbani? Chukua kile kipimo kidogo cha vidonge, kile ambacho maji yanageuka waridi klorini ikiwepo. Pima kwenye koki, maji yana rangi. Kisha mfuate mama na dumu lake mpaka hemani, na jioni pima tena yaliyomo ndani ya dumu. Mara nyingi hubaki meupe pe, na ukimulika ndani ya dumu unaona utelezi wa kijani ukutani. Klorini yote imeliwa na ule uchafu na joto la mchana. Jibu hapo ni mambo mawili kwa pamoja: mwenye matangi apandishe dozi ya klorini kidogo ili masalia yake yafike mpaka nyumbani, na mwenye sabuni aendeshe siku ya kuosha madumu. Hakuna kati yao atakayelifanya peke yake kwa sababu katika mkataba wa kila mmoja halimo. Kazi yako wewe ni hiyo hasa, kuwakalisha hao wawili.

Usidhani ni mambo madogo. Julai 1994 Goma ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda kati ya laki 5 na laki 8 kwa siku chache, wakakaa juu ya mwamba wa volkano usiochimbika choo wala kaburi. Kipindupindu, kisha kuhara damu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mashirika yalikuwa chungu nzima. Tathmini ya shughuli ile ni mojawapo ya sababu za viwango vya Sphere kuanzishwa mwaka 1997, na mfumo wa klasta, yaani mashirika ya sekta moja kuratibiwa pamoja chini ya shirika moja linaloongoza, ukaja mwaka 2005, UNICEF wakapewa kuongoza klasta ya maji na usafi duniani.

Nimetaja klasta kwa makusudi. Wewe huna amri juu ya shirika lolote, ila una mlango wa kugonga. Pengo likikosa mwenyewe baada ya kuliweka mezani kwa maandishi, lipeleke kwa shirika linaloongoza klasta. Lina wajibu wa kuwa mtoa huduma wa mwisho, yaani kuziba pengo lenyewe wengine wote wakishindwa, kadiri fedha, usalama na njia za kufika zinavyoruhusu. Kwenye kambi za wakimbizi waliovuka mpaka, mlango ni UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Andika barua fupi: bloku ipi, watu wangapi, nini hakipo, tangu lini. Barua ya namna hiyo inajibiwa. Ile ya kurasa saba yenye utangulizi huwa inalala.

Shirika la langoni usilikatalie. Fedha ikikataliwa huenda kambi nyingine na wewe ndiye utakayelaumiwa. Wakaribishe, mpe bosi wao maji ya kunywa, kisha panda naye juu kwa miguu, umwoneshe. Ukishuka naye mkononi mwake kuna ramani ya bloku tatu zenye upungufu. Sijaona mtu aliyepanda akarudi kusema anataka langoni.

---

Mama_Wawili amejibu:

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wote. Mimi ni mhamasishaji wa usafi, nazunguka hema kwa hema. Mmegusa mengi ila kuna moja limewapita: hiyo lita 15 mmegawa kwa watu wangapi?

Kaka Mtu_wa_Ghala, wageni wa bloku za juu wameandikishwa? Kama bado, basi hawamo kwenye hesabu ya maji, hawamo kwenye hesabu ya vyoo, na sabuni hawapati kwa sababu hawana kadi. Ndugu zao wa bloku za chini wamewahifadhi, hema la watu watano linalala kumi. Hesabu inatoka nzuri kwa sababu waliokosa ndio hao hao wasiohesabiwa. Waombe viongozi wa bloku wahesabu vichwa hema kwa hema, msingoje orodha rasmi.

Pia uliza vyombo. Kaya inatakiwa iwe na madumu mawili ya lita 10 hadi 20, moja la kuchotea na moja la kuhifadhi. Aliyekimbia usiku hakubeba dumu. Anachotea sufuria ya kuazima, anaingiza kikombe na mkono humo humo. Hata ukimfungulia koki mchana kutwa, maji ya kutosha atayabeba na nini?

Na vyoo msituulize kikaoni mbele ya wanaume. Kwetu wanawake walisema vyoo viko, lakini usiku hawaendi kwa sababu ya giza na milango isiyofungika ndani. Wanatumia kopo hemani, asubuhi wanamwaga mtaroni. Kinyesi cha watoto wadogo nacho kinaishia huko huko, na kuna wanaoamini cha mtoto hakina madhara. Komeo la ndani na taa vilipowekwa, tena walipotengewa wanawake vyoo vitatu kwa kila kimoja cha wanaume, mtaro ulikauka. Kwa hedhi hatukugawa pedi tu, tuliomba pia mahali pa kufulia na kuanikia pasipoonekana njiani.

Samahani kwa urefu.

---

Mtu_wa_Ghala amejibu:

Asanteni sana. Nimepanda na ndoo. Koki ya mwisho kabisa inajaza kwa zaidi ya dakika 7, na foleni inaanza kabla ya jua. Mama_Wawili umepiga penyewe, nusu ya hema nilizoingia hazina kadi ya sabuni. Viongozi wa bloku wameshaanza kuhesabu. Shirika la langoni nimewapeleka juu, bosi wao amekubali kuhamia huko.

Kumezuka jipya. Vyoo vya juu vilivyokuwepo vimejaa na gari la kunyonya haliwezi kupanda. Mmoja wa wadau anasema tufukie tuchimbe vingine pembeni. Mwingine anasema tope limwagwe bondeni kwa muda. Nisimamie wapi?

---

Mzee_wa_Vikao amejibu:

Bondeni hapana. Oktoba 2010 Haiti kipindupindu kilianzia kwenye majitaka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa yaliyoingia kijito kinachomwaga katika mto Artibonite. Kiliua maelfu ya watu, na mwaka 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliomba radhi. Yeyote anayetamka "kwa muda" kuhusu tope la vyoo, mwombe aandike jina lake na tarehe ya mwisho.

Kufukia na kuchimba pembeni kunafaa kama nafasi ipo, shimo likiwa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji na kitako chake mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Lakini kambi hujaa. Cox's Bazar, Bangladesh, mwaka 2017 wakimbizi wa Rohingya zaidi ya laki 7 waliingia ndani ya miezi michache, vyoo vya haraka vikachimbwa ubavuni mwa visima vifupi vya pampu, na baadaye vingi vikabidi vifungwe. Kwa hiyo kabla hujaruhusu shimo jipya, fahamu visima viko wapi.

Kama nafasi hakuna, tope lishushwe kwa pampu na mabomba hadi tangi la kati ambapo gari linafika, likachukuliwe hapo. Hili linahitaji vitu viwili ambavyo shirika la vyoo halina: ardhi ya kutibia tope, na idhini ya mamlaka. Ardhi huombwa kupitia uongozi wa kambi, na inachukua muda, anza leo. Na kwa vyoo vipya usikubali makabidhiano bila karatasi inayosema nani atanyonya, kwa fedha ya nani, mpaka lini. Mfadhili hupenda kupiga picha choo kipya. Cha kunyonya hakipigwi picha, ndiyo maana hakina bajeti.

---

Fundi_Koki amejibu:

Nyongeza kwa watakaonyonya. Pampu ya mkono ya tope itaziba siku ya kwanza, maana mashimoni mna matambara, chupa na pedi. Tengenezeni kulabu ndefu ya nondo, muvue takataka kwanza, mzitie kwenye pipa lenye mfuniko. Tope likiwa zito ongezeni maji kidogo na mkoroge. Wafanyakazi wavae gambuti, glavu ndefu na barakoa, na wawe na maji ya klorini ya kunawia papo hapo, si kule zahanati. Tope likifika eneo la kutibia, chokaa inaua vijidudu mkifikisha pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) 12 na kuiacha hapo angalau saa mbili, kwa hiyo agizeni na karatasi za kupimia pH pamoja na chokaa. Na kabla ya kununua bomba la kushushia, pimeni urefu kwa kamba kwenye njia yenyewe ya mteremko, msiamini ramani.