MREJESHO: Deni la Bodi ya Mikopo na kodi ya fundi anayelipwa taslimu

Habari wakuu. Niliuliza kama niharakishe kumaliza deni langu la chuo la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, na kodi ya hela taslimu za cherehani hapa Sinza inakuwaje.

Nilianza TRA (Mamlaka ya Mapato). Mauzo yangu ni kama milioni 10 kwa mwaka: bila kumbukumbu za mauzo kodi ni 250,000, ukiwa nazo, 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 180,000. Kumbe ni kuandika daftari tu!

Deni nalipa 150,000 kwa mwezi, juu ya kima cha chini cha laki kwa aliyejiajiri. Msimu wa harusi naongeza. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, deni halivimbi tena. Aliyenishauri nikope VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) nilimalize, asante, ila riba ya nini?