Naomba ushauri: kipokezi cha redio kwenye kifaa cha kubandika kifuani kinamaliza betri kwa siku mbili

Mwanafunzi wa Saketi:
Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili ya elektroniki hapa Dar es Salaam. Mradi wangu ni kifaa cha kubandikwa kifuani kinachofuatilia mapigo ya moyo na kupeleka vipimo kwenye kituo kidogo kinachovaliwa kiunoni, kwa masafa ya gigahezi 2.4. Betri ni ile ya kidonge ya CR2032, yenye takriban miliampea-saa 225. Kinachonishinda si kurusha bali kusikiliza: kipokezi kinavuta miliampea 5 muda wote kikisubiri kuitwa, kwa hiyo betri inakwisha baada ya saa 45, nami siwezi kumbandua mgonjwa plasta kila baada ya siku mbili. Msimamizi wangu anashauri nibuni kipokezi cha pili cha kuamsha, yaani kidogo kinachosikiliza muda wote na kukiamsha kile kikubwa kikisikia mwito, mfano wa kile cha watafiti Pletcher na Rabaey wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, kilichotumia mikrowati 52 tu. Je, nianzie huko? Kituo kikiita, kifaa kinatakiwa kijibu ndani ya sekunde mbili.

Fundi Mawimbi:
Ndugu yangu, kabla hujachora hata transista moja, pima kwanza mwili unameza mawimbi kiasi gani. Usikivu wa kipokezi hicho ulikuwa hasi 72 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba ya hasi inavyokuwa kubwa ndivyo mawimbi yanavyokuwa dhaifu), na akiba yake ya umeme ilipatikana kwa kuacha osileta sahihi (saketi inayozalisha masafa ya redio), ambayo ndiyo mlaji mkubwa, na kutumia osileta inayoruhusiwa kuyumba. Kwenye gigahezi 2.4 mwili ni kama mtungi wa maji ya chumvi. Mawimbi yanafika kwa kuambaa ngozi au kwa kurudishwa na kuta. Mvalishe mtu kifaa, asimame, akae, kisha alale kifudifudi kifaa kikiwa kati ya kifua na godoro, nawe uandike nguvu ya mawimbi kila sekunde. Nilipofanya hivyo mwenyewe nilipata hasi 66 dBm kwa aliyesimama, lakini alipolala zilishuka hadi hasi 87. Hapo kipokezi cha hasi 72 ni kiziwi, tena saa ambayo mgonjwa anakihitaji zaidi.

Dada wa Maabara:
Naungana na Fundi. Mdogo wangu, sekunde mbili ni muda mrefu mno kwa redio. Kipokezi ulicho nacho kikiamka kwa milisekunde 2 katika kila sekunde, wastani wake ni mikroampea 10, na kwa hesabu ya karatasini betri hiyo hiyo inafika saa 22,500, yaani zaidi ya miaka miwili, bila kupoteza usikivu wowote. Mikrowati 52 kutoka betri ya volti 3 ni mikroampea 17, hata ukidhani kibadilisha volteji hakipotezi kitu. Mzigo unahamia kwenye kituo, ambacho kitalazimika kurudia mwito kwa zaidi ya sekunde moja, lakini hicho betri yake inachajiwa kila usiku. Jasho lako limwagikie kwenye kristali, kile kipande kinachoipa redio mdundo wake: inaweza kuchukua karibu milisekunde nzima kutulia, na muda huo wote unalipia umeme bila kusikia neno. Kipokezi cha kuamsha kina haki yake pale jibu linapotakiwa ndani ya milisekunde chache.

Mwanafunzi wa Saketi:
Nawashukuru sana. Jana usiku nilimpima mdogo wangu kitandani, na alipolala kifudifudi nilisoma hasi 83. Nampelekea msimamizi namba hizi nikiomba mada ihamie kwenye kuharakisha kuamka kwa kristali. Limebaki moja: betri ya kidonge itastahimili mikupuo ya miliampea 5 ikishaanza kuchoka?

Fundi Mawimbi:
Ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda na volteji huanguka kila kipokezi kinapoamka. Weka kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba nayo: mkupuo wa miliampea 5 kwa milisekunde 2 utaishusha kwa volti 0.1 tu, hata betri isiposaidia kabisa. Ila chagua yenye uvujaji mdogo, kwa sababu kapasita inayovuja mikroampea 5 itaongeza nusu nzima juu ya wastani wako wa mikroampea 10.