"GARI NYEUSI NI YA WATU WENYE BANDA": leo nimetukanwa mbele ya mama wa mihogo

Boneti Jeusi (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa mkono wa kulia simu, wa kushoto kipepeo cha ukili, presha iko juu ya bati. Msiniulize ni nani. Mnamjua. Yule muosha magari wa pale njia panda, mwenye spika kubwa kuliko tangi lake la maji. Wote mmeshapita kwake, wote mmeshalia, mkakaa kimya ili na sisi wengine tuonje.

Saa saba mchana. Februari hii ya Dar mnaijua, hata mbwa anatembea kwa kuruka kivuli hadi kivuli. Crown yangu nyeusi tii imeshinda juani tangu asubuhi. Ukiweka chapati juu ya boneti unaigeuza na kuipakua. Nikamwambia kijana kwa upole kabisa, isogeze kivulini, iache ipoe kwanza. Akasema "usijali bosi". Wakuu, muosha gari akikwambia usijali, anza kujali.

Akachota maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo ukikoga nywele zinasimama, akayamwaga kwenye bati la moto. Likalia tsssss kama pasi. Hata hajageuka, maji yameshakauka na kuacha madoa meupe duara duara, gari imeota mba. Nikanyamaza. Ikaja sabuni ya unga, ile ya kufulia magunia. Nikanyamaza.

Halafu LILE DEKIO.

Lilikuwa linatoka kusugua ringi za Fuso la mchanga. Sikuhadithiwa, niliona. Lilikuwa na kokoto ndani yake, wakuu, kokoto mtu mzima, mwenye familia. Hakulisuuza. Alilikunja mara mbili kwa adabu kama anakunja kanga ya mkwe, akaliweka katikati ya boneti, akaegemea kwa uzito wake wote, akazungusha. KWARUUU. Niliisikia kwenye meno.

Nikapiga kelele, wewe unakwangua klia, ile ngozi angavu juu ya rangi! Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Akapunguza muziki. Yaani alipunguza muziki ili wateja wengine wasikie vizuri. Akasema: "Bosi, gari nyeusi ni ya watu wenye banda."

Mama wa mihogo alicheka mpaka mihogo ikaungua.

Na elfu kumi nikalipa.

Kiti Cha Mbele

Nimeshakaa, bisi zangu na kahawa viko hapa. Ila mkuu, kabla hatujafika mbali: banda unalo?

Boneti Jeusi

Suala sio banda. Suala ni dekio.

Kiti Cha Mbele

Sijakataa. Nauliza tu, banda unalo?

Bunduki ya Rangi

Pole mkuu. Mimi napiga rangi za magari, mwaka wa kumi na sita huu, na watu kama huyo ndio wananilipia ada za watoto, kwa hiyo sitamlaani sana.

Ile klia ya kiwandani ni nyembamba, mara nyingi haizidi mikroni 50. Unywele wako mmoja kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Mchanga wa ringi ukiuzungusha juu yake unachora mistari midogo ya duara. Gari nyeupe nayo inachoreka hivyo hivyo, ila inaficha. Nyeusi haifichi kitu. Simama nayo juani uone, utadhani buibui amefuma juu ya boneti.

Sasa usikimbilie polishi ya mashine. Mashine haiongezi klia, inaila mpaka usawa wa mkwaruzo ili usionekane. Kila ukipiga unatoa akiba. Mtu anapiga polishi kila mwezi, mwaka wa tatu analeta gari kwangu inachanika juu kama ngozi ya kenge.

Osha alfajiri au jua likizama, bati likiwa la baridi. Mwagia maji kwanza bila kugusa, vumbi lishuke lenyewe. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, moja ya kusuuzia kitambaa. Ringi zina kitambaa chake na zinakuja mwisho. Ile sabuni ya unga inang'oa nta yote, gari inabaki uchi. Na maji ya kisima usiyaache yakauke yenyewe hata kama kuna mawingu, futa.

Baada ya kusema hayo yote, na mimi nauliza: banda unalo?

Vitz ya Bibi

Mna hela nyie. Vitz yangu ya silva mara ya mwisho kuoga ilikuwa mvua za Desemba. Uchafu ndio klia yangu. Huyo mtu wa njia panda akiniona anageuza uso.

Mswahili wa Maskati

Salamu kutoka Oman, ndugu zangu. Mnalia na nyuzijoto 33? Huku mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kupita 45, na hiyo ni ya hewa, sio ya bati. Ukishika kitasa cha gari nyeusi unataja ukoo mzima. Mnaona magari meupe yamejaa barabarani huku mnadhani tunapenda usafi.

Mimi kilichoniumiza sio dekio, ni hisani. Vumbi la jangwa lilitua, jamaa wa maegesho kwa wema wake akanifutia kwa kitambaa kikavu. Kikavu! Gari zima! Halafu akasimama anangoja bakshishi. Na nilimpa, maana alikuwa anatabasamu.

Kokoto Lenye Familia

Nimebadilisha jina leo kwa heshima ya huu uzi.

Msema Kweli 50

Chai hii. Mama wa mihogo mzoefu haunguzi mihogo kwa kicheko.

Boneti Jeusi

Iliungua! Niliinunua! Nimekula muhogo mweusi nikiwa nimesimama, nasikia KWARUU kichwani! Mtu mzima na tai yangu, naambiwa "watu wenye banda", huku mdomoni nina masizi!

Msema Kweli 50

Kwa hiyo jumla siku hiyo ulikuwa na vitu viwili vyeusi vilivyoharibika.

Pwani Kavu

Wee bwana, hapa Mombasa shida si dekio, ni kunguru. Yangu ni nyeusi pia. Naiosha alfajiri, naing'arisha hadi najiona meno, saa mbili kunguru kashatia sahihi. Nami nilikuwa nikikwangua kinyesi chake kwa ukucha kikishakauka, kumbe najimaliza. Chini yake pamebaki alama, haitoki kwa nta wala kwa dua.

Bunduki ya Rangi

Haitoki kwa sababu imeshaingia. Kinyesi cha ndege kina asidi, na bati likichemka klia inalegea. Jioni ikipoa inajikaza ikiwa imeshashika umbo la doa. Nyeusi inachemka zaidi ndiyo maana inaumia zaidi. Dawa yake ni haraka: lowesha kitambaa, kifunike juu ya doa dakika chache, kinyesi kilainike, kisha inua. Usisugue. Na hapa nta inasaidia kweli, inakupa muda kabla asidi haijafika kwenye klia.

Adui wa Kunguru

Nilikuwa nasubiri mtu awataje. Hawa sio wenyeji! Waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wale takataka. Zaidi ya miaka mia wamemaliza takataka, mayai ya ndege wengine na vifaranga vya mama yangu, sasa wamehamia kwenye magari. Wapi pa kupeleka madai?

Vitz ya Bibi

Kwa uchafu wa Vitz yangu kunguru wananipita, wanadhani mwenzao ameshamaliza kazi.

Boneti Jeusi

Wakuu turudi kwenye dekio. ALILIKUNJA MARA MBILI.

Kiti Cha Mbele

Banda.

Boneti Jeusi

Sawa! Sina! Napaki chini ya mwembe wa mwenye nyumba. Mmefurahi?

Bunduki ya Rangi

Mwembe!! Mkuu, umetuletea kesi ya muosha gari na muuaji unalala naye. Utomvu wa mwembe ukidondoka kwenye gari nyeusi na jua likaupiga, unakuwa gundi. Na kunguru unadhani wanakaa wapi, gesti?

Kokoto Lenye Familia

Kwa hiyo dekio lilikuwa linamalizia tu.

Mpangaji Mtiifu

Wewe una mwembe unalalamika. Mwenye nyumba wangu ana MFENESI. Mwezi uliopita fenesi limetua kwenye buti ya Harrier saa nane za usiku, mtaa mzima ukajua ni majambazi. Asubuhi nikamwita aone. Akaliangalia buti lililobonyea, akaliangalia fenesi, akasema "lilikuwa bado siku mbili liive". Akalichukua. Hata kipande hakunipa.

Adui wa Kunguru

Hiyo ni dhuluma kubwa kuliko ya mleta uzi. Anzisha uzi wako.

Mpangaji Mtiifu

Naogopa na yeye yumo humu.

Pwani Kavu

Jamani, nani anajua dawa ya taa za mbele zilizofubaa kwa jua? Nimesikia dawa ya meno.

Bunduki ya Rangi

Dawa ya meno inang'arisha leo, baada ya muda ukungu unarudi, kwa sababu umeondoa kilichobaki cha kinga ya jua. Sugua taa kwa msasa wa maji kisha uipige klia.

Pwani Kavu

Mke wangu ameuliza dawa ya meno imekwenda wapi. Asante, nimechelewa.

Duka la Neti

Habari wakuu. Ninazo neti za kivuli, zile za bustani ya mboga, upana mita 4, na mirunda ya kusimamishia. Bei njoo chemba.

Msema Kweli 50

Weka bei hapa hapa, sisi ni watu wazima.

Mswahili wa Maskati

Neti ni afadhali kuliko kava la kuvalisha gari. Kava likishaingia vumbi na upepo ukalitikisa usiku kucha, hilo ni dekio la kulala nalo.

Boneti Jeusi

Mkuu wa neti, unakuja kufunga mwenyewe au natafuta fundi? Na embe ikidondoka inazuia?

Duka la Neti

Nafunga mwenyewe, nusu siku. Kunguru inazuia. Embe inazuia, ikiwa sio dodo kubwa.

Mpangaji Mtiifu

Na fenesi?

Duka la Neti

Fenesi, bosi, hama.