Naomba ushauri: kiti cha gari cha mtoto ndani ya ndege

Habari zenu wazazi. Tunatoka Kisumu kupitia Nairobi hadi London na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu. Chini ya miaka 2 anaruhusiwa kupakatwa, lakini ndege ikitikisika ghafla mikono ya mama haitoshi kumzuia. Afadhali nimlipie nafasi yake, afungwe kwenye kiti chake cha gari. Kina maandishi mekundu ya Marekani yanayosema kinafaa kwenye ndege, na najua huwekwa dirishani kisizuie wengine kutoka.

Waliowahi kukitumia safari ya Kisumu, kiliingia vizuri? Mlipiga simu mapema? Na ukiwa peke yako, unakibebaje uwanjani mtoto akiwa mgongoni? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Nisaidieni jamani.