Wakuu msaada, RFC ya SAP testi inapita ila BAPI inagoma

Ngalawa77: Habari za mchana wakuu. Nipo kampuni moja hapa Dar, tuna SAP (programu ya kuendesha biashara) mbili seva tofauti, moja ya ghala nyingine ya manunuzi, bosi anataka mzigo ukipungua ghalani oda ya manunuzi ijitengeneze yenyewe kule. Nimeingia SM59 (skrini ya kuunganisha mifumo) nikatengeneza destination (anwani ya mfumo wa pili) ya aina 3 kwa RFC, yaani njia ya SAP moja kuita fankisheni za nyingine, jamaa wa mtandao wamenifungulia poti 3300, nikibonyeza testi ya koneksheni inaleta milisekunde safi kabisa, ila programu yangu ikiita BAPI_PO_CREATE1 (BAPI ni fankisheni ya SAP ya kuitwa kutoka nje, hii inatengeneza oda ya manunuzi, PO) inakufa, na upande wa pili ST22 (orodha ya dampu, yaani ripoti za programu zilizokufa) nakuta RFC_NO_AUTHORITY (huna ruhusa). Siku ya tatu hii. Nafikiria nimpe yuza wa hiyo koneksheni SAP_ALL (ruhusa zote) yaishe, mnasemaje?

mzee_wa_basis: Usithubutu aisee! Paswedi ya huyo yuza umeihifadhi SM59, kwa hiyo yeyote anayeweza kuandika programu kwenye SAP ya ghala anakuwa mfalme kwenye ya manunuzi, mkaguzi akiiona hiyo utajieleza mwenyewe. Halafu hiyo testi inayokufurahisha inapiga hodi tu mlangoni, haiingii ndani, hata ungeweka paswedi ya uongo ingepita. Ya maana ni testi ya ruhusa, ipo hapohapo SM59 kwenye menyu ya Utilities. Ikipita nenda PFCG (skrini ya roli za ruhusa) kwenye SAP ya manunuzi, tengeneza roli yenye S_RFC (ruhusa ya kuita fankisheni kwa RFC): RFC_TYPE weka FUNC, RFC_NAME jina la BAPI, ACTVT 16. Na yuza awe aina ya System (wa mashine), ukimwacha Dialog (wa mtu wa kawaida) paswedi itaisha muda usiku wewe umelala oda zimekwama.

Ngalawa77: Dampu imekata mzee, ubarikiwe. Sasa limezuka jipya, BAPI inanirudishia namba ya PO kabisa, nikiitafuta ME23N (skrini ya kuangalia PO) haipo. Mzimu huu?

dada_abap: Kaka umeita BAPI_TRANSACTION_COMMIT (komiti, ya kuhifadhi data)?

Ngalawa77: Nimeita dada.

dada_abap: Umeiita na DESTINATION ileile au umeiita kavu?

Ngalawa77: ...kavu

dada_abap: 😂 Karibu chamani. Komiti umeifanya nyumbani wakati data iko ugenini. Iite kwa DESTINATION hiyohiyo, WAIT weka 'X' (isubiri imalize), na hiyo fankisheni nayo iongeze kwenye S_RFC la sivyo utarudi hapa na RFC_NO_AUTHORITY nyingine. Kabla ya komiti soma jedwali la RETURN, ukikuta aina E au A (makosa) ita BAPI_TRANSACTION_ROLLBACK (kufuta yasiyohifadhiwa), maana ruhusa za manunuzi zenyewe kama M_BEST_EKO zikikosekana hazileti dampu, zinakaa kimya humo. Na usisahau kudaka SYSTEM_FAILURE na COMMUNICATION_FAILURE (makosa ya mfumo wa pili na ya mtandao), mtandao wetu unaujua.

mnazi_mkavu: Mtandao ukikatika katikati je? Nyie mnaongelea RFC ya kusubiriana. Mimi ningetumia bgRFC, ujumbe unakaa kwenye foleni mpaka wa pili aamke, unafuatilia kwenye skrini ya SBGRFCMON.

mzee_wa_basis: Kweli, ila hapo hapati namba ya PO papo hapo. Aanze na hii kwanza.

Ngalawa77: Wakuu imekubali, PO nimeiona kwa macho yangu ME23N. Tatizo lililobaki ni mhasibu, kaona namba za PO zimeruka kama kumi na moja anauliza zimeenda wapi.

dada_abap: Mwambie zilichukuliwa zikakosa komiti, na hazirudi. Usimwambie nani alisahau.